Kikaango Kisichogandisha Yai

4 Machi

Kwa mdogo wangu Kasuku,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana nikisubiri shikamoo yako kwa barua nitazeeka. Sisi huku wazima. Mama anakula, analala, miguu tu ndiyo inayomsumbua akikaa sana. Mimi bado niko pale pale kiwandani kwenye sare za shule, ila safari hii wamenihamishia upande wa kola, na kola mia mbili kwa siku zimenimaliza macho. Mama Mapacha wa mlango wa pili anakusalimu. Anasema hajasahau ile redio uliyomuuzia, ambayo hadi leo haijasema neno.

Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Unaijua nyumba: vyumba viwili na jiko la kuingia mtu mmoja na nusu. Nikishika simu tu, Mama yuko ubavuni, masikio wazi, na kiwandani simu hairuhusiwi. Kuna mambo sitaki ayasikie.

Jambo lenyewe ni vikaango. Usicheke. Vyombo vyetu vimechoka, chakula kinaungua. Wiki iliyopita wali umeungua mara tatu, na maharage yakashika chini mpaka nikayatupa na sufuria yake. Nimeona tangazo la hivyo vikaango vya haibridi unavyouza wewe, chuma kwa juu na utando mweusi kwenye vishimo, ambavyo yai linateleza humo kama limepakwa sabuni. Bei ya kimoja ni mshahara wangu wa mwezi mzima na zaidi. Nikikinunua, mpaka katikati ya mwaka sinunui kitu kingine.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliye ndani ya biashara hiyo, na nijibu kama ndugu, si kama muuzaji. Vinafaa kweli, au ni maneno? Chakula hakitaungua tena?

Wako,
Dada


27 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, na nyingine ya mwaka jana, na ya mwaka juzi, ili tusidaiane. Barua yako ilikaa siku sita kwa mlinzi wa duka kwa sababu juu uliandika "Kasuku" peke yake, na mlinzi ni mgeni, hakujua kwamba ni mimi. Sasa anajua, na duka zima linajua.

Mimi mzima. Nasimama kwenye meza yangu kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, katikati ya mito ya kulalia na ndoo za plastiki, nimevaa aproni yenye jina la kampuni. Kwa siku nakaanga mayai sitini bila tone la mafuta, na yote yanaishia kwenye ndoo. Watu wanasimama. Nikishaona wamejaa, nachukua waya wa kusugulia, nakisugua kikaango mbele ya macho yao, halafu napasua yai lingine. Linateleza vilevile. Hapo ndipo wanapofungua pochi.

Unauliza kama kinafaa. Ni kikaango kizuri, Dada. Kina vishimo kama sega la asali, chuma kinalinda utando, utando unazuia kugandia. Kipe moto mdogo na mafuta kidogo, na usikiweke motoni kitupu. Nitauliza bei ya wafanyakazi.

Lakini hebu niambie, tangu lini Mama akaunguza wali? Mwanamke aliyesugua sufuria za jiko la hospitali miaka ishirini na sita? Unakumbuka tulivyokuwa tukimsubiri na njaa, mpaka yule msimamizi apitishe kitambaa chake cheupe ndani ya kila chombo? Kitambaa kikitoka na doa, Mama anarudishwa kwenye karo la vyombo. Hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kabla chombo chake hakijapita. Mtu huyo leo aunguze maharage? Sema tu kwamba siku hizi unapika wewe. Sitamwambia mtu.

Likizo bado wananizungusha. Msalimie Mama.

Kasuku


15 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, shikamoo zote tatu nimezipokea. Mapacha wameota meno ya mbele, wanamng'ata mama yao kwa zamu. Mimi mgongo unaniuma lakini nashona. Mama anasema umekuwa mnene, sijui kakuona wapi.

Sipiki mimi. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa kumi na moja. Anapika Mama, kama siku zote, na hilo ndilo linalomwamsha. Akifungua macho tu anauliza, "Leo tupike nini?" Nikimwondolea hilo, sijui ataamkia nini.

Jumapili nilikuwa nafagia chini ya kitanda chake. Nimekuta sufuria nne zimefungwa kwenye shuka, zimeungua mpaka chini pametoboka. Nne, Kasuku, na mimi nilidhani zimeibiwa. Nikamuuliza. Akasema ni za Mama Mapacha, amemhifadhia. Akasema vile bila kupepesa macho, nikarudisha shuka mahali pake.

Na mwenye nyumba alikuja. Mpangaji wa mwisho wa mstari alimwita kwa sababu ya moshi. Alisimama mlangoni, akatazama dari letu lilivyokuwa jeusi, akasema moshi mwingine ukionekana, ama jiko linatoka ama sisi tunatoka. Kwa hiyo sasa unajua nataka nini. Nataka chombo ambacho hata mtu akijisahau kidogo, chakula kisimgeuke. Nataka Mama abaki na jiko lake.

Usianze maswali yako. Ni uzee wa kawaida. Nijibu moja tu: kikaango hicho kikisahauliwa motoni, kinakuwaje?

Dada


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kimya, tulikuwa na mauzo ya nusu mwaka. Usinunue kitu. Ndani ya kifurushi hiki kuna kikaango, kile kikubwa cha haibridi, kipya kabisa. Nimekipata kwa njia zangu, usiniulize. Mwambie Mama ni zawadi kutoka kwangu, na apikie kwa raha.

Kasuku


30 Juni

Kasuku,

Marahaba. Kifurushi kilifika salama na barua yako ya kiganja kimoja. Nilidhani nimeangusha kurasa nyingine. Nilipekua karatasi zote za kufungia.

Nianze na mazuri yasije yakapotea. Kwa siku kumi na moja nyumba hii ilikuwa na raha. Mama alipasua yai la kwanza, likazunguka lenyewe humo ndani, akacheka mpaka akamwita Mama Mapacha aje kuona. "Tazama, linajiendea," akasema. Kitunguu kikiungua kilitoka kwa kufuta tu. Hakukuwa na moshi wala cha kuficha chini ya kitanda. Nilianza kurudi kutoka kazini bila kutazama juu ya paa letu tangu kona ya barabara, na sikuwa najua kwamba nilikuwa na tabia hiyo mpaka nilipoiacha.

Siku ya kumi na mbili nimemkuta amekaa sakafuni kwenye mlango wa jiko, kikaango mapajani, bakuli la mchanga pembeni, waya wa kusugulia mkononi. Alikuwa ameanza tangu asubuhi. Ni cheusi, Kasuku. Umemletea mtu aliyesugua vyombo miaka ishirini na sita chombo cheusi. Alidhani ni masizi.

"Hiki walikiacha kikaungua sana," akaniambia, "lakini kinaanza kutoka."

Nikamwambia Mama, hicho kimetengenezwa hivyo, ndiyo rangi yake. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mfanyakazi mpya asiyejua kazi. Kesho yake akaendelea. Vidole vilitoka damu, akavifunga vitambaa akaendelea. Jioni ya siku ya pili akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa cheupe, kimebaki na madoa meusi kwenye vishimo tu. Uso alioukunjua pale sijauona tangu Baba yuko hai. Nililia, na yeye akadhani nalia kwa furaha, akanipigapiga mgongoni.

Sasa kinagandia kuliko sufuria zote tulizowahi kuwa nazo. Yai linatoka vipande vipande. Nina maswali mawili. La kwanza, wewe unakisugua cha kwako kwa waya kila siku mbele ya watu; kinaponaje? La pili ni lile la Aprili, ambalo ulilijibu kwa kifurushi.

Dada


21 Julai

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa na utani mwingi.

Chini ya meza yangu kuna sanduku lenye vikaango vinne. Cha mayai ya asubuhi ni kimoja, cha waya ni kingine. Waya wenyewe nauzungusha mara tatu kwa ncha za vidole, na wakati ule napaza sauti ili wasiusikie jinsi unavyogusa kidogo. Kila Jumatatu vinabadilishwa vyote. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza naviweka wapi vya zamani. Cha waya cha wiki moja ukikitazama kwenye mwanga, kina mikwaruzo kama mkono wa mtu aliyeparamia miiba. Si uongo mtupu, mtu mwangalifu atakaa nacho miaka. Ila mtu mwangalifu angekaa hata na sufuria ya kawaida.

Kikisahauliwa motoni kinaungua kama vingine, na kwa ubaya zaidi, maana utando ukipata moto kupita kiasi unatoa moshi unaochoma kifua. Tulifundishwa hivyo siku ya kwanza, tukaambiwa tusitangulize habari hiyo mpaka mteja aulize. Wewe uliuliza. Wiki ile ile niliyopata barua yako ya Aprili, alikuja mzee mmoja mezani kwangu, akaniambia mkewe anasahau chakula jikoni, kikaango hiki kitamsaidia? Nilimuuzia viwili.

Lingine ni hili. Mwaka jana mwezi wa kumi nilipiga simu ukiwa kazini, Mama akapokea. Tulizungumza vizuri sana. Akaniuliza kama nimekula, kama huku kuna baridi. Mwisho akaniambia, "Wewe kijana una adabu. Ukimwona mwanangu huko, mwambie anipigie, ni siku nyingi." Nikamwambia, nitamwambia, Mama. Nikakata simu, nikarudi kukaanga mayai. Tangu siku hiyo sijapiga akiwa peke yake.

Likizo hawanizungushi, Dada. Nina siku arobaini ambazo sijazichukua. Kikaango nilikituma kije badala yangu.

Naogopa. Nimelisema. Nitakuja tarehe 30 Agosti, nimeshakata tiketi. Mpaka hapo, mfungie jiko, tafadhali.

Kasuku


9 Agosti

Kasuku,

Barua yako nimeisoma kwenye choo cha kiwandani, mahali pekee ambapo hakuna anayenichungulia. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili msimamizi alikuja kugonga mlango.

Nina hasira na wewe, na nataka uijue ukubwa wake. Muda wote huo nilidhani ni mimi peke yangu ninayeona. Nilikuwa najiambia labda ni mimi niliyechoka, labda namsingizia mama yangu. Kumbe ulikuwa unajua tangu mwezi wa kumi, ukakaa nalo huko kwenye mito na ndoo. Hata na mimi nilikuficha, sikatai. Niliandika wali umeungua ili nisiandike nani ameuunguza. Lakini mimi nilificha nikiwa naye chumba kimoja.

Jiko lilishafungwa kabla ya ushauri wako. Tarehe 18 Julai aliosha kikaango, akakiweka kwenye moto kitupu ili kikauke. Walikuwa wakivikausha hivyo hospitalini, kila chombo, kabla ya ukaguzi. Halafu akaenda kukaa. Yale madoa meusi yaliyobaki kwenye vishimo yalitosha. Mama Mapacha ndiye aliyeingia na kumtoa nje, akikohoa, na alikohoa siku tatu. Mwenye nyumba hakuhitaji kusema tena. Mtungi wa gesi nimeupeleka kwa Mama Mapacha, napikia kwake nikirudi, na mlango wa jiko una kufuli. Ufunguo uko shingoni mwangu.

Asubuhi haulizi tena tupike nini. Anakwenda moja kwa moja kukaa mbele ya mlango uliofungwa, kikaango mapajani, na anasugua. Anasugua mpaka narudi. Nikimwambia, "Mama, acha sasa, kimeshakuwa safi," ananijibu, "Wewe si msimamizi." Nikimpa chakula anaonja vijiko viwili, anasema atakula akifika nyumbani. Namwambia, Mama, hapa ndipo nyumbani. Ananyamaza kwa heshima, kama tunavyonyamaza mbele ya mgonjwa anayeweweseka. Mchana Mama Mapacha anamtazama, ana ufunguo wa mlango wa mbele.

Njoo tarehe hiyo. Sikuombi kwa upole.

Dada


8 Septemba

Kasuku,

Simu yako haipatikani, kwa hiyo naandika.

Mama Mapacha anasema ulikuja. Tarehe 30, saa nne asubuhi, na begi moja na viatu vipya. Alikufungulia mlango, akakuacha na Mama, akaenda kuanika nguo. Aliporudi mlango wa mbele ulikuwa wazi, hakuna wewe, hakuna Mama. Akafikiri umemtoa kutembea kidogo. Alifurahi, masikini. Mimi siku hiyo wenzangu walikuwa wamenisihi niombe ruhusa, lakini nilijua mshahara utakatwa, nikasema mdogo wangu atanikuta jioni. Nilipita sokoni nikanunua nyama. Nilirudi saa kumi na moja, nikapika kwa Mama Mapacha, nikapakua sahani tatu, tukawa tunawasubiri mrudi matembezini. Mvua ikaanza.

Mlinzi wa hospitali ndiye aliyempata, kwenye geti la nyuma, lile la jiko, walikokuwa wakitokea wafanyakazi. Miguu yake inaijua njia hiyo tu. Alikuwa ameloa mpaka nguo za ndani. Mlinzi alimuuliza anasubiri nini, akamwambia ameruhusiwa kutoka lakini njia ya nyumbani imehamishwa.

Sasa kifua kimejaa maji. Daktari ametoa sindano na vidonge, anasema cha kwanza ale. Hali. Na hasugui tena. Tangu siku ile kikaango kimekaa katikati ya sakafu palepale alipokiweka, na mimi nakiruka nikipita. Nikimpelekea kijiko mdomoni anageuza uso, anasema, "Watoto kwanza." Nikakaa mbele yake nikala sahani nzima, machozi yananitoka, nikamwonyesha ilivyo tupu. Akatazama nyuma ya bega langu.

"Na yule mdogo?"

Nikasema naye amekula, Mama.

"Nimuone."

Ulimwambia nini? Sitaki unieleze kwa nini ulikimbia, hilo nalijua. Nataka neno ulilomwambia. Halafu panda gari uje ule mbele yake, maana hatakula mpaka atuone wote wawili. Sijui kama una hamu ya chakula. Utakula.

Dada


15 Septemba

Dada yangu,

Sina shikamoo ya kutosha kwa barua hii.

Nilimkuta pale mlangoni pa jiko, anasugua. Hakuinua kichwa. Nilisimama na begi langu, nimevaa shati jeupe na suruali ya kazini, maana sikuwa na nguo nyingine nzuri. Nilisema, "Mama." Akainuka haraka, akajifuta mikono, akasimama wima kama mwanafunzi, akanipa kikaango kwa mikono miwili. Akaniambia, "Samahani, bwana msimamizi, hiki kimenichukua muda."

Nilitaka kumwambia ni mimi. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini Dada, ungeyaona macho yake. Alikuwa amechoka mno na alikuwa ananisubiri. Nilitoa leso yangu mfukoni, ni nyeupe, nikaipitisha ndani ya kikaango, taratibu, mzunguko mzima. Nikaitazama. Nikamwambia, "Safi kabisa. Kimepita."

Akafumba macho kidogo. Halafu akasema, "Basi naomba ruhusa niende, bwana. Nina watoto wawili nyumbani, hawajala tangu asubuhi."

Nikasema, "Nenda, Mama."

Hilo ndilo neno. Akakiweka chini, akaanza kutafuta viatu vyake, na mimi nikatoka kabla hajaniona ninalia. Sikufunga mlango. Nilifikiri nitakaa nje kidogo nirudi, lakini nilifika kona, kisha nikafika stendi. Nimeuza maneno miaka tisa na hilo ndilo pekee nililomwambia mtu kwa moyo wote, na ndilo lililomtoa nje kwenye mvua.

Wiki hii kuna maonyesho ya bidhaa mpya, wamekataa niondoke kabla hayajaisha. Nimepewa likizo kuanzia tarehe 27. Siku zote arobaini. Mwambie mdogo anakuja, na ana njaa. Mwambie asimsubiri, aanze kula.

Kasuku


24 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako imefika jana, Ijumaa. Mama tulimzika Jumatatu. Simu yako nimeipiga mara nyingi, inalia mara moja inakatika, na dukani aliyepokea alisema uko kwenye maonyesho na huruhusiwi kusumbuliwa. Sikumwachia ujumbe. Sikutaka ulisikie jambo hili kutoka kwa mtu wa mito na ndoo. Barua hii nampa dereva wa basi ikuwahi kabla hujaondoka.

Hakukohoa sana mwishoni. Aliuliza tena kama mdogo amekula, nikamwambia yuko njiani. Nilisema hivyo kabla sijapata barua yako, nilisema tu. Akasema, "Basi mfunikie chakula chake." Nikafunika sahani mbele yake, akaitazama muda mrefu. Hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho.

Nimeisoma habari ya leso yako. Nilitaka kukuchukia na nimeshindwa kuimaliza chuki yenyewe. Miezi miwili nilimwambia aache, mama yangu, aache, na sikuwahi kufikiri kumwambia kwamba kimepita. Nami nimemkosea hapo. Lakini ungefunga mlango, Kasuku. Ungefunga tu mlango.

Mama Mapacha, katika kutafuta la kusema, ameniuliza kama vikaango vile vinafaa, maana aliona yai linavyojiendea. Nimemwambia amuulize muuzaji, anakuja tarehe 27.

Jiko nimelifungua. Mtungi umerudi mahali pake. Kikaango nimekiokota sakafuni, nimekiosha, na sasa kipo juu ya jiko. Ukifika nitakukaangia yai humo. Litagandia. Utalikwangua mpaka chini na utalila lote, na mimi nitakaa pale alipokuwa akikaa yeye, nikuone.

Dada